Herufi Zangu Kwenye Nyuso za Saa

Wanaume walimzika Mzee Ramadhan Jumanne iliyopita, kabla ya alasiri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake Kibera, tumeketi mikekani tangu ukutani hadi mlangoni, na mimi, Mkristo peke yangu mle chumbani, nilikuwa nimejifunga leso kichwani na kupewa nafasi kando ya Hawa, binti yake wa kwanza, kama mtu wa nyumba. Chai ya tangawizi ilikuwa ikizungushwa wakati kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, alipovua viatu mlangoni, akapita katikati ya magoti ya kina mama mpaka nilipokuwa, akachuchumaa. "Auntie, pole sana," akanong'ona. "Najua si wakati wake, lakini kesho narudi job Nakuru. Si uniangalilie hii kidogo?" Akanyoosha mkono. Alikuwa amevaa saa ya zamani, ya kutia ufunguo, uso wake mweupe kama sahani mpya. Kina mama wawili wakamkemea kwa Kinubi. Hawa akasema, "Mwacheni. Baba mwenyewe angekuwa ashachukua lenzi." Basi nikatoa miwani mkobani, nikaielekeza saa ile kwenye mwanga wa dirisha. Nikamuuliza ameambiwa nini aliponunua. "Ati ni orijino, haijawahi guswa." Nikamwambia mashine siwezi kuisemea kabla ya kufungua, lakini uso umepakwa rangi upya. Nikamwonyesha yale maneno madogo ya nchi ilikotengenezwa, chini ya sita, jinsi yalivyopanda juu mno. Kiwandani yalikaa ukingoni kabisa, nusu yamejificha chini ya ukingo wa kasha. Nikamwonyesha duara la sekunde, kwamba mshale unazungukia mahali pake na duara limechorwa mahali pengine. Kijana akacheka kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa. "Na hujaifungua hata!" Kina mama wakanitazama. Ilikuwa siku ya msiba, na ninajua vizuri kwamba msibani mtu hujishusha, lakini siwezi kudanganya: nilijisikia mkubwa chumbani mle. Ujuzi ule nilipewa na mtu waliyekuwa wametoka kumfukia, na mwaka alionipa ndio ninaotaka kuusimulia.

Nilikotoka na nilivyofika Nairobi nitayaacha. Inatosha kwamba nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikipanga chumba Mashimoni, hapo hapo Kibera, pamoja na msichana mwenzangu aliyeuza maji kwenye kioski, na kazi yangu ilikuwa kuandika mabango. Kinyozi, hoteli, duka la makaa, kanisa: ukinipa ubao na rangi nilikuandikia jina lako likasomeka kutoka ng'ambo ya reli. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule Mzee Ramadhan, fundi wa saa wa Laini Saba, mtaa wa jirani, aliniita nimwandikie ubao mpya, kwa sababu mvua ilikuwa imefuta wa zamani. Alitaka maneno mawili tu mbele, FUNDI SAA, na jina lake upande wa pili. Alisimama nyuma yangu muda wote bila kusema kitu, jambo ambalo wateja hawalifanyi. Wateja husema sana. Nilipomaliza akauliza, "Umekunywa chai leo?" Nikamwambia bado. "Hujanywa chai na mkono hautetemeki. Njoo ndani." Nilidhani ananiita kwa chai. Chai ilikuwepo, lakini kando ya kikombe alikuwa ameweka lenzi nyeusi ya kubana jichoni na uso mmoja wa saa, mdogo kuliko kisoda. Akasema, "Niambie unaona nini." Nikamwambia naona namba. "Basi wewe bado huoni. Kesho urudi."

Nilirudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka nikawa na kigoda changu. Kile chumba bado ninaweza kukizunguka nikiwa nimefumba macho. Kilikuwa cha mabati, upana wake kama kitanda na nusu, chenye dirisha moja lililotazama reli. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe ili skrubu ikianguka ionekane. Treni ikipita Mzee aliinua mikono yote miwili kutoka mezani, kama mtu aliyeambiwa na polisi, akangoja hadi vikombe vinyamaze, halafu akaendelea na sentensi pale pale alipoiachia. Adhuhuri mkewe alituletea chakula chini ya kawa lililosukwa kwa rangi nyekundu na zambarau: gurusa, mkate mwembamba wa Kinubi, laini kama kitambaa, na mchuzi wa nyama. Mzee alikataza mtu kugusa saa kabla ya kunawa mikono mara mbili. Wakati wa kula ndipo alipofundisha. Alisema watu wote wanaotaka kujua kama saa ni ya kweli hukimbilia kuifungua mgongo, kumbe mgongo huficha na uso husema. "Mashine haidanganyi, lakini pia haiulizwi," alisema. "Mwizi anajua mnunuzi hununua uso. Kwa hivyo kazi yake yote ataiweka hapo. Na wewe uitafute hapo hapo."

Akanifundisha kuitafuta. Chini ya lenzi, herufi ya kiwandani ina ukingo mkali kama bati lililokatwa. Herufi ya mkono huvimba pembeni kama uji uliomwagika. Mistari ya dakika kiwandani hufika mahali pamoja yote. Ya mkono, mmoja hupita, mwingine haufiki. Uso uliozeeka kwa haki huzeeka pamoja na mishale yake, kwa hivyo ukiona ile rangi ya kung'aa gizani ni nyeupe kwenye namba na kahawia kwenye mishale, ujue kuna mmoja aliyekuja jana. Chunguza ukingo wa uso kama una kijino kilichokatwa. Hicho hukatwa na mpakaji ili bati la uso lisicheze wakati wa kazi. Tazama nyuma ya bati hilo kama miguu yake miwili, vile vijiti vinavyoushika uso kwenye mashine, ipo, au imevunjwa ikawekwa gundi. Nilijifunza haraka, na nilikuwa najua kwa nini. Mimi mwenyewe niliandika kwa mkono. Kosa la mpakaji nililiona kwa sababu lilikuwa kosa ambalo ningelifanya mimi, au ningelikwepa. Mwezi wa nne Mzee alimwambia mteja mmoja, akidhani sisikii, "Huyu msichana ana macho kunishinda. Usimwambie." Nilienda nyumbani siku hiyo nikitembea katikati ya reli kama bibi harusi.

Kiu ya sifa kama ile ndiyo iliyonifikisha Kabiro, ndani ya Kawangware. Kulikuwa na mtu aliyeuza saa kuukuu Kawangware ambaye sote tulimwita Mista Tai, kwa kuwa hakuonekana bila tai shingoni hata siku ya jua kali. Alikuja kwa Mzee mara kwa mara kununua skrubu na vioo. Siku moja akanikuta nje nikigusia rangi ule ubao wetu. "Hizi herufi ni zako? Wewe unapoteza talanta kwa mabati, siste. Kuna watu wana saa za baba zao, nyuso zimechakaa, wanataka zipendeze tena. Jumamosi uko?" Nilikuwepo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka, kwenye ploti ya mawe huko Kabiro, na kilitengwa na duka kwa ubao mwembamba tu. Alikuwa na taa nzuri, brashi nyembamba zenye nywele tatu tatu, wino mweusi ulionuka kama dawa ya viatu, na alininunulia chipsi na soda bila kuombwa. Nilipaka uso wa kwanza kwa saa nne. Nilipouweka chini ya lenzi nilikaribia kulia kwa furaha. Ukingo haukuvimba. Mistari ilifika yote. Kila nilichofundishwa kukitafuta, nilikuwa nimekikwepa.

Jumamosi ya tano aliniletea uso wenye jina la kampuni ndogo isiyojulikana, akanipa karatasi yenye jina lingine, lile ambalo hata mtoto wa shule alilijua. "Mwenyewe anapenda hili," akasema. Nikalikwangua la zamani, nikaandika jipya. Nilijiambia ni kama mtu kuita duka lake jina la duka kubwa la mjini. Halafu Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimeinamia kazi, nikasikia sauti yake upande wa pili wa ubao akimwambia mteja, "Hii ilikuwa ya mkubwa mmoja wa reli. Angalia uso huo. Tangu itoke kiwandani haijaguswa na mtu." Nilijua ni saa gani, maana ilikuwa imetoka mkononi mwangu wiki moja kabla. Brashi ilikuwa hewani. Ningeweza kuiweka chini nikaondoka. Niliishusha, nikamaliza herufi, na nikarudi Jumamosi mbili zaidi. Sina maelezo mazuri ya hizo mbili. Nilikuwa hodari katika kitu ambacho hakuna mtu mwingine Nairobi nzima, kwa nilivyojua mimi, aliyekiweza, na hapo Kabiro ndipo mahali pekee palipokihitaji. Baadaye niliacha kwenda, nikasingizia kifua, na kwa Mzee sikusema neno.

Mwezi wa nane wakaja kina mama wa kwaya ya kanisa letu, watatu, wakiongozwa na Mama Awino, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Mwalimu Oyugi, aliyetufundisha sote kuimba, alikuwa anastaafu, na kwaya ilikuwa imemnunulia saa ya zawadi. Walitaka Mzee aipunguze mkanda, basi. "Fungua uone, Mzee," Mama Awino akasema, akiiweka mezani kama yai. "Hiyo si saa ya kuchezea. Mwenye kutuuzia amesema ilikuwa ya mkubwa wa reli." Mzee akabana lenzi jichoni. Akatazama kwa muda mrefu kuliko mkanda unavyohitaji. Kisha akaitoa lenzi, akaifuta, akanipa mimi. "Mimi macho yamechoka," akasema. "Awuor, tuambie wewe."

Nilijua kabla ya kuinama. Herufi yangu ya R, mpaka leo, huvuta mguu wake mbele kidogo kama mtu anayeanza kutembea, na ilikuwepo pale, chini ya kumi na mbili, ikitembea. Pia ilikuwepo juu ya mlango, kwenye ubao wetu. FUNDI SAA haina R, lakini upande wa pili nilikuwa nimeandika jina la Mzee, RAMADHAN, kubwa, na yeye alikuwa akipita chini yake kila asubuhi. Nikaelewa kwamba anajua. Nikaelewa pia kwamba nikisema saa ni safi, atakata mkanda, atawaaga kina mama kwa heshima, na hatanitaja kamwe. Ndilo lililoniogopesha zaidi. Nikasema, "Mama, hii saa ni feki. Si yote. Mashine ni nzima. Lakini jina hili si lake." Mama Awino akacheka. "Wewe mtoto, umejuaje?" Nikamwambia, "Kwa sababu ni mimi nililiandika."

Hakuna aliyepiga kelele, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mama mmoja aliketi kwenye kigoda changu. Mama Awino aliniuliza kwa Kijaluo, polepole, kama nilijua saa itauzwa kwa nani. Nikamwambia sikujua kwa nani, lakini nilijua itauzwa. "Nyathiwa," akasema, mtoto wetu, akatingisha kichwa, na nikatamani angenipiga. Halafu akajifunga leso yake kiunoni. "Sherehe ni Jumapili. Sisi hatutaki maneno, tunataka saa. Twende kwa huyo mtu." Mzee Ramadhan akachomoa lenzi yake mwenyewe, ile ya shaba aliyokuwa hamwazimi mtu, akaniwekea kiganjani. "Utaihitaji," akasema.

Tulitembea kwa miguu mpaka Kawangware, wanawake wanne, jua la saa saba. Mista Tai alikuwa mlangoni akiongea na wateja wawili. Aliponiona akatabasamu, alipowaona walio nyuma yangu akaacha. Mama Awino akamweleza kwa sauti ya sokoni, na wapita njia wakaanza kusimama. "Mimi huyu msichana hata simjui," Mista Tai akasema. "Mwenye wivu huyu. Anatumwa na yule Mnubi wake." Nilizunguka kaunta, nikasukuma mlango wa ule ubao mwembamba, nikarudi na brashi zangu tatu ambazo nilikuwa nimezifunga uzi wa kijani ili nisizichanganye na zake, na uso mmoja niliouacha nusu, wenye herufi tatu tu za lile jina kubwa. Nikaviweka kaunta kando ya saa ya Mwalimu. Mtu yeyote mwenye macho angeona ni mkono mmoja. Mmoja wa wale wateja alivua saa yake polepole, akaitazama.

Mista Tai alikuwa mfanyabiashara, na alijua wakati wa kushuka bei. Akasema sawa, sawa, mama, mbona tugombane, chagueni nyingine yoyote, akavuta trei yake yote juu ya kaunta. Saa ishirini na kitu, zote zinang'aa. Mama Awino akanyoosha mkono kwa iliyong'aa zaidi. Nikamshika mkono. "Ngoja, mama." Nikabana lenzi ya Mzee jichoni, nikaanza kushoto. Hii mistari haifiki. Hii sekunde imehama. Hii ni yangu. Hii rangi ni ya jana, mishale ni ya zamani. Hii ina kijino ukingoni. Hii ni yangu. Nilisema kwa sauti, kila moja na sababu yake, na kila moja nikaisogeza kando, na umati ukaanza kusema pamoja nami "toa!" kama watu wanaoamua mpira. Nilikuwa sijawahi kuongea mbele ya watu zaidi ya watano. Nilifika karibu na mwisho, kwenye saa ndogo iliyosukumwa pembeni, uso wake umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na doa la kutu karibu na tisa. Nikaitazama mara mbili. Herufi zilikuwa na ukingo mkali, maneno ya chini yamejificha nusu, rangi ya mishale na ya namba imezeeka pamoja kama mume na mke. Nikaifungua, nikauchomoa uso, na miguu yake ilikuwepo yote miwili. "Hii," nikasema.

"Hii iliyochakaa?" Mama Awino akasema. "Tumpe Mwalimu kitu kama kimeokotwa?" Nikamwambia, "Mama, hapa hii ndiyo peke yake ambayo haijadanganya mtu." Akaishika, akaigeuza, akaisikiliza. Kisha akamgeukia Mista Tai. "Na mkanda mpya juu yake," akasema. "Wa ngozi." Akaupata.

Jumapili ile Mwalimu Oyugi alivalishwa saa mbele ya kanisa, na Mama Awino, mbele ya watu wote, akaeleza ilivyopatikana, bila kuacha sehemu yangu yoyote, mbaya wala nzuri. Nilikuwa nimesimama na kwaya, safu ya pili, nikitamani sakafu ipasuke. Mwalimu akaja mpaka nilipokuwa, akaniuliza, "Kwa hivyo huu uso ni wake mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Hata hilo doa?" Hata doa. Akalitazama lile doa kwa furaha kama cheti. Mchana tulikula ugali na samaki uani, na nikasikia mama mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Ukitaka kununua saa, uende na yule." Tangu siku ile watu walianza kuja Laini Saba wakiniuliza mimi kwa jina. Wamekuja miaka thelathini na mitatu. Wamekuja mawakili, wamekuja wazungu wenye vitabu vikubwa vya picha, wametumwa na maduka ya mjini. Naandika haya bila haya: nilistahili.

Lakini zilikuwa zimebaki nyuso nyingine saba nilizozipaka, zilizokwisha kuuzwa, na Mzee alisema kazi haijaisha mpaka zitafutwe. Mista Tai alifunga duka mwezi uliofuata, hivyo niliuliza watu kwa watu. Niliwapata wanunuzi watatu. Mwenye ya kwanza alinitukana, na alikuwa na haki. Wa pili alikuwa ameshaiuza, akanifukuza. Ya tatu niliipata mwezi wa kumi na mbili, mkononi mwa Mzee Shikuku, soja wa geti la ghala moja Kawangware, aliyekuwa ameivaa juu ya mkono wa sweta ili ionekane. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliivua, akaiweka mbali na macho kama wazee wanavyofanya. "Inaenda vizuri," akasema. Nikamwambia najua, mashine ni nzima, ila jina si lake. "Lake ni lipi?" Nikamwambia lile la kampuni ndogo. Akajaribu kulitamka, akashindwa, akacheka. "Lirudishe basi." Nikamweleza kwamba haliwezi kurudi, nililikwangua mwenyewe, na nikiliandika tena litakuwa mkono wangu tena. Ninachoweza ni kuliondoa la uongo, na mahali pake pabaki wazi. Akafikiri, akinitazama mimi kuliko saa. "Pabaki wazi," akasema mwishowe. "Mimi jina lenyewe siwezi kulisoma. Saa najua kusoma."

Niliifanya kazi ile Laini Saba asubuhi moja, kwa kijiti kilichochongwa na tone la spiriti, herufi baada ya herufi, Mzee akiwa ameketi kando yangu bila kugusa kitu. Treni ikapita, tukainua mikono wote wawili, tukangoja. Ilipokwisha, uso ulikuwa na namba zake na mistari yake, na juu, chini ya kumi na mbili, pengo safi la ukubwa wa punje ya mchele. Nilitaka kuurudisha kwenye mashine. Mzee akanizuia, akaugeuza, akanipa sindano ya kuchorea. "Fundi mwingine ataifungua siku moja," akasema, "mimi na wewe hatupo. Atashangaa. Mwambie." Nikamuuliza niandike jina la nani, lake au la kibanda. Akanitazama kama nimeuliza swali la kijinga. Basi nikainama, na nyuma ya uso wa ile saa, mahali ambapo Mzee Shikuku hangepaona maisha yake yote, nikachora kwa herufi ndogo kuliko zote nilizowahi kuandika: *Jina la uongo limeondolewa. Ni mimi niliyeliweka. Awuor, Laini Saba.*